Jipange, Programu Yenye Adabu

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baridi ya Dongobesh leo haina utani. Vidole vimekufa ganzi. Mdomo, kwa bahati mbaya, haukufa.

Ilikuwa hivi. Sisi ni watatu kwenye chumba cha nyuma ya duka la Shangazi Raya: mimi, Renatus wa kijiji cha Daudi, na Fabiola wa kijiji cha Bashay. Tunautengenezea ushirika wa vitunguu swaumu programu ya zamu za maji. Mkulima anaandikwa jina, shamba lake, na siku yake ya kufungulia mfereji. Orodha ni kazi ya Fabiola. Miezi mitatu ametembea Bashay kaya kwa kaya, wakulima mia nne na kumi na wawili. Tarehe 25 zamu zinasomwa hadharani. Asiyekuwemo hapati maji, na kitunguu hakisubiri.

Shida ni laptop zetu. Ziko tatu na kila moja ina tabia yake. Kinachofunguka kwangu, kwa Fabiola kinagoma. Kinachofunguka kwa Fabiola, kwa Renatus kinatoa maandishi mekundu. Renatus ana dawa: daftari la mistari, hatua ishirini na tatu za kuandaa mashine ili zote zifanane, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Anataka tukae tuzifuate moja moja. Kwa mkono! Zama hizi!

Mzee Basili, mwenyekiti wa ushirika, alikuja saa nne akauliza mashine zitaelewana lini. Renatus akafungua daftari. Mimi nikasimama. Nikasema daftari la nini, mimi nitatengeneza amri moja. Unaandika neno, unabonyeza, unakwenda kunywa chai, ukirudi mashine imejiandaa yenyewe. Mzee akasema atakayeweza hilo ndiye Mkuu wa Mfumo, na jina lake litabandikwa mlangoni. Nikasema Alhamisi.

Sijui inatengenezwaje.

Fabiola alivyoondoka aliniambia ana imani na mimi. Asubuhi alinisalimia shikamoo kaka, kama kila siku. Nina miaka thelathini na moja. Dongobesh nzima ni yeye peke yake anayenipa shikamoo bila kusukumwa na mama yake. Siwezi kumwangusha.

Jumanne, 17 Juni

Nimeipa jina: Jipange. Jina ndiyo sehemu iliyokwenda vizuri.

Asubuhi ilikwama hatua ya tatu. Mchana ilikwama ya tisa. Alasiri ikajisifu kwamba imemaliza, kumbe haikufanya chochote. Renatus akapita nyuma yangu na daftari lake, akasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Akacheka. Sikupenda kile kicheko.

Saa kumi nikapata akili. Nimegundua kwamba Jipange ikishakwama inaacha takataka, na takataka ndizo zinazoikwamisha mara ya pili. Kwa hiyo nimeweka mstari mmoja: *likiharibika lolote, futa folda yote ya kazi, anza upya.* Fupi, safi, haina maswali. Ikajikwaa, ikajifuta, ikaanza tena. Mara ya nne ikafika mwisho! Nilipiga meza hadi Shangazi akaja kuuliza nani kaanguka.

Nilipokuwa nikifunga, Fabiola aliniuliza kwa upole kuhusu ghala la pamoja mtandaoni, pale tutakapohifadhi nakala za kazi zetu zote. Niliahidi kulifungua Februari. Nikamwambia liko tayari, bado kumalizia kidogo tu. Halijaanza. Nikaona aibu kidogo, lakini ya kubebeka.

Jumatano, 18 Juni

Nimewaza kuhusu Mzee Basili. Mzee hachezi na salamu. Mwaka jana kijana wa kuuza pampu alimwanza kwa mambo vipi mzee. Pampu zilirudi Arusha na gari lile lile. Sasa mashine itamfungukia tu kimya kimya kama haijafunzwa adabu? Haiwezekani.

Kwa hiyo Jipange sasa inaanza hivi: *Mimi ni Jipange, nimetumwa na Halfani. Shikamoo.* Halafu inasubiri. Ikiona neno marahaba, inaendelea na kazi. Isipoliona, inahesabu kuwa kuna kitu kimeharibika, na mambo ya kuharibika nimeshayawekea dawa.

Nilimjaribia Shangazi Raya. Akaandika marahaba baba, hujambo. Akafurahi mpaka akaita wateja waje waone kompyuta iliyolelewa. Mmoja alikuwa amekuja kununua betri, akasahau betri.

Renatus alisoma Jipange yote, mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Akaniuliza mtu asipojibu marahaba inakuwaje. Nikamuuliza ni nani Mtanzania mwenye akili timamu anayepewa shikamoo akakosa la kujibu. Akasema nifikirie tena. Nikafikiria. Nikaona ni wivu.

Alhamisi, 19 Juni

Siku yangu! Mzee Basili alikuja na koti lake la mkutano. Nikampa laptop ya akiba ya ushirika, haina kitu ndani. Jipange ikamwamkia. Mzee akavua kofia. Akatafuta herufi H kwa dakika nne nzima, hakutaka kuonyeshwa. Marahaba ikakamilika. Tukanywa chai. Tulivyorudi mashine iko tayari, programu imefunguka, sawa na yangu.

Mzee alinishika bega. Akasema anayefundisha chuma kusalimia, huyo kafundwa kwao. Chai ya pili akatusimulia maisha yake. Alizaliwa msimu wa nzige, mwaka wenyewe hakuna anayeujua, hata kitambulisho walimkadiria tu na mpaka leo anabishana nao. Nilikuwa simsikilizi. Nilikuwa naangalia mlango.

Karatasi imebandikwa: HALFANI, MKUU WA MFUMO. Nimempigia simu baba, yuko Katesh. Kaniuliza kama mkuu ni zaidi ya injinia. Nikasema kidogo.

Mzee ameagiza kesho mashine zote zipitie Jipange. Renatus kakataa, kasema yake imeshaandaliwa kwa daftari. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika nimefunga mlango.

Fabiola alikuja saa tano na gari la Bashay. Shikamoo kaka, marahaba. Nikamfungulia Jipange kwenye laptop yake, nikamwambia abonyeze tu, mimi nakwenda swala ya Ijumaa. Hotuba ilikuwa kuhusu majivuno. Nilimfikiria Renatus.

Nilivyorudi alikuwa amekaa, mikono mapajani. Kioo kilikuwa na maandishi yote. Jipange imesema shikamoo. Naye kajibu: *Shikamoo kaka.* Ikajifuta, ikaanza upya, ikamwamkia tena. Akajibu: *Shikamoo sana kaka, samahani.* Ikajifuta, ikaanza. Mara ya tatu: *Kaka Halfani shikamoo, naomba usinitanie.*

Bila shaka! Angepokeaje shikamoo iliyotumwa na mtu anayemwamkia yeye? Mtoto aliyelelewa Bashay aandike marahaba kwa kaka yake? Angeona heri akatwe kidole.

Na orodha alikuwa ameiweka kwenye folda ya kazi. Ingekuwa wapi kwingine? Ni kazi.

Mia nne na kumi na wawili. Hakuna hata mmoja.

Akaniomba msamaha. Yeye! Akasema labda alikosea kujibu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo nikaufungua kabisa. Kilichotoka ni kwamba hizi ni dalili za virusi. Macho yangu yakaenda kwenye meza ya Renatus, kulikuwa na flashi yake. Nikasema, kwa masikitiko, kikulacho ki nguoni mwako.

Akauliza si ipo nakala kwenye ghala la pamoja. Nikasema ipo, mtandao tu unachelewa kuishusha.

Nikafuta kioo kabla Renatus hajaingia. Kisha Fabiola akapiga simu kwao, akaongea lugha yao, Kiiraqw. Nilisikia jina langu mara mbili. Kiiraqw changu ni cha kununulia mahindi tu, lakini nilielewa kwamba ananisifu kwa jinsi ninavyohangaika. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 21 Juni

Habari za virusi zimemfikia Mzee Basili, amemwita Renatus mbele yetu. Kamwambia flashi yake imeleta maradhi, asiguse mashine mpaka zamu zisomwe. Nilidhani Renatus atalipuka. Nilikuwa nimeshaandaa majibu. Hakulipuka. Aliniangalia, akachukua flashi, akachukua daftari lake la hatua ishirini na tatu, akaaga kila mtu kwa jina lake akatoka. Mimi pia kaniaga. Hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Ghala la mtandaoni nimesema limeharibika na mvua. Hakuna mvua tangu Mei. Hakuna aliyeuliza, maana mimi ndiye Mkuu.

Fabiola kaleta madaftari yake manne ya shambani, yale aliyokuwa akiandikia wakulima majina, yana tope na madoa ya chai. Ameanza kuandika upya, jina la kwanza. Siku nne zimebaki. Tangu asubuhi hajainua kichwa. Mgongo wake nimeuona siku nzima, na kila nikiuangalia nasikia joto masikioni.

Mchana mama yake, Mama Kornelia, kaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Kasema ni ya shukrani, kasikia sijala kwa ajili ya kompyuta ya binti yake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa aone nikinywa. Nikanywa yote. Yalikuwa matamu sana na nusura yanipalie.

Jumapili, 22 Juni

Nimejaribu programu tatu za kufufua vilivyofutwa. Zimefufua picha ya mbuzi na wimbo wa kwaya, nusu.

Nikatoka kununua vocha, nikakutana na Renatus anatoka misa. Sikuwa na pa kujificha, barabara ya Dongobesh inajulikana. Kanisalimia vizuri tu. Nikamuuliza habari za nyumbani, za mifugo, za mahindi, za baridi. Nikaishiwa habari. Ndipo akauliza kama nimeshamuuliza Fabiola alijibu nini alipoamkiwa na Jipange.

Anajua! Kajua tangu Jumatano alipoisoma Jipange.

Nikamuuliza atamwambia lini Mzee. Akasema si kazi yake, kila mtu ana mdomo wake. Akasema tu anamwonea huruma Fabiola, kwa sababu ana mkono wa polepole kwenye kibodi na shamba la mama yake liko namba mia tatu themanini. Akienda kwa mwendo huo hatalifikia kabla ya Jumatano.

Nilirudi nyumbani nimesahau vocha.

Jumatatu, 23 Juni

Nimepata mpango wa kutubu bila kukiri. Nitamsaidia Fabiola kuandika! Nikajitolea kwa sauti kubwa, Shangazi asikie. Nikachukua madaftari mawili.

Nimeandika majina tisini na saba. Kila jina lina maelezo yake kwa mwandiko wake mdogo. *Huyu hasikii vizuri, apigiwe simu mwanawe. Huyu ni mjane, asipewe zamu ya usiku. Huyu aligoma, nikarudi mara tatu, akakubali, akanipa mayai.* Nilikuwa nadhani orodha ni majina tu.

Ukurasa wa mwisho wa daftari la pili kuna mambo yake ya kukumbuka. *Februari: kumuuliza kaka Halfani kuhusu ghala la pamoja. Machi: kumuuliza tena, asione namsumbua. Aprili: nimeuliza, kasema kesho. Mei: kaka ana kazi nyingi, nisimchoshe.*

Nikafunga daftari. Nikamwambia nakwenda kuangalia nguzo ya umeme. Nikakaa nyuma ya magunia ya sukari ya Shangazi. Nilikaa sana. Shangazi akanikuta, akauliza naumwa nini. Nikasema tumbo. Akanipa tangawizi kavu nitafune. Nikatafuna.

Jumanne, 24 Juni

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia leo saa tatu na nusu.

Mzee Basili alikuja kuona kazi ilipofika. Kwenye laptop yangu Jipange ilikuwa wazi. Ikamwamkia. Mzee akaitikia, safari hii H aliijua ilipo. Kwa furaha akamgeukia Fabiola, akauliza kama naye aliamkiwa hivi. Fabiola akasema ndiyo, ila hakuweza kuipokea. Angeitikiaje marahaba, naye kaka Halfani ni mkubwa kwake? Alirudisha shikamoo, mara tatu. Mzee akacheka kwa furaha, akasema huyu binti kalelewa, angejibu vingine angemshangaa.

Kisha akanigeukia. Akauliza taratibu: mtoto akijibu vizuri namna hiyo, mashine yako inafanyaje?

Dukani mtu alikuwa anauliza bei ya kiberiti.

Nikasema inafuta kila kitu.

Nikasema yote. Jipange, ule mstari, virusi visivyokuwepo, flashi ya Renatus, ghala nililoahidi Februari, mvua. Nilisema nikiangalia viatu vyangu. Nikataja na maziwa, sijui kwa nini.

Mzee hakupiga kelele, na kelele ningeiweza. Kaniambia niende mwenyewe kwa miguu nikamwite Renatus, na nikifika niwe wa kwanza kusalimia. Nikaenda. Renatus alikuwa anatengeneza baiskeli. Akanawa mikono, akachukua daftari lake, akaja. Hakusema nilikwambia. Njiani nilimsubiri aseme mpaka tukafika.

Tumegawana. Mimi nasoma majina kwa sauti, Fabiola na Renatus wanaandika. Renatus kwanza alizipitisha mashine kwenye zile hatua ishirini na tatu. Ilimchukua saa moja na nusu. Zote zinafanana. Sitaki kulizungumzia.

Fabiola hakulia na hakunitukana. Alinyoosha mkono nimpe daftari lake la pili. Aliona nimelisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Jumatano, 25 Juni

Zamu zimesomwa. Wakulima mia nne na kumi na wawili, hakuna aliyekosekana. Mama Kornelia kapata Alhamisi asubuhi. Watu walimpigia Fabiola makofi, Mzee kampa kiti cha mbele. Renatus alishika kipaza sauti. Mimi nilishika waya wa kipaza sauti.

Mlangoni karatasi haipo. Nimeikuta dukani, Shangazi kafungia njugu. Mteja kaondoka na MKUU, mimi nimebaki na WA MFUMO.

Lakini si hilo.

Asubuhi Fabiola aliingia. Nilikuwa nimeshaandaa marahaba yangu, iko mdomoni. Akasema, habari za asubuhi Halfani.

Habari. Kama anavyomsalimia mtu wa stendi. Nikasema nzuri. Akapita akafungua laptop yake.

Sikujua kuwa neno moja linaweza kuacha shimo kubwa hivi. Siku nzima nimejipitisha karibu na meza yake, labda alisahau. Hakusahau.

Ijumaa, 27 Juni

Habari tena. Na jana habari.

Madaftari yake kayarudisha Bashay, yamefungiwa kwenye sanduku la mama yake. Renatus kafungua ghala la pamoja, kasema lilimchukua dakika ishirini. Dakika ishirini! Nakala wataanza kupeleka Jumatatu mchana, kifurushi cha mtandao kikinunuliwa.

Sikwenda kula. Nimeona haya kupita mbele ya Renatus kwa ajili ya ugali.

Jumapili, 29 Juni

Nimekaa na aibu yangu siku mbili nikaitazama vizuri. Mtu akikosea lazima ajifunze. Na mimi nimejifunza! Nimeona kosa lilipokuwa.

Jipange ilikuwa inamwamkia kila mtu bila kujua umri wake. Ndiyo hapo! Fabiola hakustahili kuamkiwa, alistahili kuulizwa hali. Mashine ilimvunjia heshima, na mimi nikaonekana ndiye niliyemvunjia.

Kwa hiyo nimetengeneza Jipange wa Pili. Kwanza inauliza mwaka wa kuzaliwa, kwa tarakimu nne. Aliye mdogo kwangu inamwambia hujambo mdogo wangu, pole na kazi. Aliye mkubwa inampa shikamoo yake. Hata Renatus nimemwekea salamu, tumezaliwa mwaka mmoja. Kila mtu atapata anachostahili, na Fabiola akiona namna inavyomsalimia kwa upole, ataelewa moyo wangu. Shikamoo yangu itarudi.

Ule mstari wa kufuta nimeuacha. Ndiyo msingi wenyewe, ukiutoa yote yanaanguka. Lakini sasa hauna madhara. Unafanya kazi tu mtu asipoandika tarakimu nne, na tarakimu nne za mwaka aliozaliwa zinamshinda nani?

Na hatua ya kubonyeza nimeiondoa, kubonyeza ndiko kulikomchanganya Fabiola. Mchana, chumba kikiwa kitupu, nimeiweka kwenye mashine zote, itajiwasha yenyewe kesho asubuhi. Sijamwambia mtu. Nataka iwe zawadi.

Shangazi anasema kesho atakayewahi ni Mzee Basili. Keshachukua ufunguo, anataka kufungua orodha mwenyewe, peke yake, kabla hatujafika.

Vizuri sana. Aanze yeye.